Mteremko wa Kasenyi: mlima ambao Bunia inaupita bila kusimama

Kila asubuhi, mbele jua halijatoka vizuri, moto zinaacha Bunia kuelekea Kasenyi na Tchomia kutafuta samaki. Kisha karibu kilomita 25 zinafika Bogoro, na mbele kidogo ya hapo nchi inakatika. Upande wa mashariki ardhi inaanguka mamia ya mita. Chini kabisa kuna uwanda wa majani makavu, kisha maji ya Ziwa Albert, na ng'ambo ya maji, siku hewa ikiwa safi, mstari mwembamba wa Uganda. Mwenye moto anapunguza gia, abiria anashika vizuri, na safari inaendelea. Hakuna mtu anasimama pale kutazama. Samaki hangoji mtu.

Kuna nchi ambazo watu wanalipa tiketi ya ndege ili wasimame mahali kama pale. Huko Uskoti, kaskazini ya Uingereza, kupanda vilima siku ya mapumziko ni desturi ya watu wa kila namna: wanafunzi, walimu, wazee wa pansheni. Mwaka 1891 Hugh Munro alichapisha orodha ya milima ya Uskoti inayozidi futi 3000, yaani mita 914. Leo orodha hiyo ina majina 282, na kuna watu wanaotumia maisha yao yote kuimaliza. Mlima mrefu kuliko yote, Ben Nevis, una mita 1345.

Sasa mkaaji wa Bunia apige hesabu. Mji wenyewe uko kati ya mita 1200 na 1300 juu ya usawa wa bahari. Mama anayeuza nyanya katika soko kuu la Bunia amesimama karibu sawa na kilele cha mlima mrefu kuliko yote Uingereza, na hakupanda kitu. Kaskazini zaidi, kwenye safu hiyohiyo inayofuata ziwa, mlima Aboro unazidi mita 2400. Kwa urefu basi, Ituri haina cha kuonea wivu. Kinachokosekana ni kingine: ruhusa ya kutembea bila woga, na ile tabia ya kusimama na kutazama ambayo inakuja tu pale woga umekwisha.

Nchi iliyopasuka

Mteremko wa Kasenyi si kilima cha kawaida. Kilima cha kawaida kina pande mbili: unapanda huku, unashuka kule. Huu una upande mmoja tu. Ukitoka Bunia hauoni kama unapanda mlima; unaona vilima vya kawaida, mashamba, vijiji, halafu ghafla uko juu ya ukuta. Mtu anayetoka ziwani ndiye anauona mlima kweli, kwa sababu umesimama mbele yake toka kusini mpaka kaskazini kama ukingo wa meza.

Sababu iko chini ya ardhi. Bara la Afrika linavutwa pande mbili, polepole sana, tangu mamilioni ya miaka. Pale ardhi ilipodhoofika ilipasuka, na kipande cha katikati kikazama kati ya nyufa mbili. Wataalamu wanaita hii Bonde la Ufa. Tawi lake la magharibi linapita Ziwa Tanganyika, Kivu, Edward na kuishia upande wetu kwa Ziwa Albert. Kipande kilichozama ndicho kinabeba ziwa. Kipande kilichobaki juu ndicho tunaita milima. Usawa wa maji uko karibu mita 620 juu ya bahari, kwa hiyo kati ya soko la Bunia na fukwe za Kasenyi kuna tofauti ya mita zaidi ya 600 hivi.

Ziwa lenyewe si la kina kirefu. Lina urefu wa karibu kilomita 160, lakini pale penye kina zaidi halifiki mita 60. Mtu anaweza kushangaa: shimo kubwa namna hii, maji kidogo namna hii? Jibu ni udongo. Mito imeleta mchanga na matope ndani ya shimo kwa muda mrefu sana, na tabaka hizo zina unene wa kilomita. Ndani ya tabaka hizo ndimo mafuta yaligunduliwa upande wa Uganda mwaka 2006. Ni ufa mmoja uliotengeneza mandhari na mafuta.

Na ufa huo haujalala. Mwezi wa tatu mwaka 1966 tetemeko kubwa lilipiga mpaka wa Kongo na Uganda upande wa Semliki na kuua zaidi ya watu 100. Wazee wengi wa Ituri wanajua tetemeko dogo: sahani zinalia kwenye kabati, mbwa wanabweka, halafu kimya. Ule ukuta wa Kasenyi ulitengenezwa hivyo, tetemeko kwa tetemeko.

Buluu ya nani?

Kwenye ramani milima hii inaitwa Monts Bleus, Milima ya Buluu. Mtu aliyezaliwa Djugu au Irumu anaweza kuuliza buluu iko wapi. Kwake mlima ni kijani wakati wa mvua, manjano wakati wa kiangazi, na mweusi pale moto umepita.

Jibu liko ng'ambo. Tarehe 14 Machi 1864, Mwingereza Samuel Baker alifika ukingo wa mashariki wa ziwa, nchi ya Bunyoro ambayo leo iko Uganda. Alilipa ziwa jina la Albert, mume wa malkia wake, kama vile halikuwa na jina. Akatazama magharibi juu ya maji, na akaandika kwamba milima ya buluu ilikuwa imesimama upande wa pili. Yeye mwenyewe hakuikanyaga. Jina la milima ya Ituri basi ni la mtu aliyeitazama kutoka mbali. (Ziwa nalo lilipewa jina la Mobutu wakati wa Zaire, na jina hilo halikubaki.)

Lakini Baker hakudanganya. Mlima wa mbali unaonekana buluu kwa sababu kati ya jicho na mlima kuna hewa nyingi, na hewa inatawanya mwanga wa jua. Mwanga wa buluu unatawanyika zaidi kuliko mwekundu. Ndiyo sababu mbingu ni buluu. Mtu akitazama mlima ulio mbali anautazama kupitia kipande cha mbingu. Kadiri mlima unavyokuwa mbali, ndivyo hewa inavyoongezeka, ndivyo buluu inavyokolea, mpaka kilele cha mwisho kinachanganyika na mbingu yenyewe. Watu wa Bogoro nao wakitazama mashariki, Uganda ndiyo buluu. Kila mmoja anaona buluu ya mwenzake.

Saa ya siku inabadilisha kila kitu. Asubuhi jua linatoka Uganda na kupiga uso wa mteremko moja kwa moja. Mvuvi aliye majini anaona kila korongo, kila njia ya ng'ombe, kila kibanda. Jioni jua linashuka nyuma ya mlima, na ukuta wote unageuka kivuli kimoja cha buluu nzito. Aliye juu Bogoro ana shida kinyume: asubuhi jua linampiga machoni na ziwa linang'aa tu kama bati jipya. Mchana, jua likiwa nyuma yake, ndipo anaona mitumbwi. Na mwezi wa kwanza na wa pili, wakati watu wanachoma majani, moshi na vumbi vinafunika vyote, na mtu aliyetoka mbali kuja kutazama anarudi hakuona kitu. Siku nzuri ni ile inayofuata mvua ya usiku.

Siku kama hizo, kusini, kuna kitu kingine ambacho wakaaji wachache wanajua kukitafuta. Mwezi wa tano 1888 Henry Morton Stanley, akiwa karibu na ufuko wa kusini-magharibi wa ziwa hili, aliona wingu jeupe ambalo halikusogea. Lilikuwa theluji ya Ruwenzori. Baker alipita miaka 24 mbele bila kuiona, maana mawingu yanaifunika karibu kila siku. Wenyeji waliijua tangu zamani, bila shaka, hakuna aliyewauliza.

Stanley huyohuyo alikuwa ameshuka mteremko huu tarehe 13 Desemba 1887, akimtafuta Emin Pasha. Msafara wake ulikuwa umetumia miezi zaidi ya mitano ndani ya msitu wa Ituri, watu wengi wakafa kwa njaa. Walipotoka kwenye giza la miti na kuona majani wazi na mbingu, walishangilia. Halafu walifika kwa ziwa, hawakupata mtumbwi wa kuwabeba, wakalazimika kupanda tena ukuta wote. Kila mtu aliyebeba kapu la samaki kutoka Kasenyi kwa miguu anaelewa uchungu huo bila kusoma kitabu.

Majani, ng'ombe, kalitusi

Mtu anayetembea juu ya mlima badala ya kuupita kwa moto anaanza kuona vitu vidogo. Cha kwanza ni njia. Zile nyembamba zinazokata mteremko kwa ubavu, bila kupanda wala kushuka sana, ni za ng'ombe. Ng'ombe hapendi kupoteza nguvu, na njia yake karibu kila mara ni nzuri kuliko ile mtu anachora kwa akili. Zile zinazoshuka wima ni za maji ya mvua, na anayezifuata anaishia kwenye korongo. Njia za wamama wanaoenda mtoni au shambani ziko katikati: zinapinda kushoto, zinapinda kulia, na kwenye kila pindo kuna jiwe la kutua mzigo.

Cha pili ni miti, au ukosefu wa miti. Uwanda wa juu, ambao vitabu vinaita uwanda wa Lendu, ulikuwa na vipande vya msitu wa milimani. Mashamba, kuni, makaa na mbao vimekula karibu vyote. Kuna ndege mmoja mdogo, mwenye mkia mfupi sana, ambaye wanasayansi wanamjua kutoka uwanda huu peke yake, hakuna mahali pengine duniani. Alipewa jina la James Chapin, Mmarekani aliyekusanya ndege wa msitu wa Kongo kati ya 1909 na 1915. Ndege huyo ni wa msitu. Msitu ukiisha, hana pa kwenda.

Miti inayoonekana sasa kwa wingi ni kalitusi, iliyoletwa kutoka nje. Inakua haraka, inatoa mbao na kuni, na kwa mtu mwenye watoto wa kusomesha hiyo ni sababu ya kutosha. Lakini chini yake hakuoti kitu kikubwa, na mvua kali inapopiga mteremko usio na majani, udongo unashuka. Makovu mekundu yanayoonekana ukiwa chini ziwani ni udongo wa mashamba unaokwenda majini.

Baridi nayo inasomeka. Kwa kila mita mia unazopanda, hewa inapoteza kama nusu digri na kidogo. Kati ya Kasenyi na ukingo wa juu, tofauti ni digri nne hivi. Ndiyo maana moto zinazopanda na samaki jioni zina abiria waliovaa jaketi zito, wakati asubuhi ileile chini watu walikuwa wakitafuta kivuli. Ndiyo maana pia ng'ombe, maharagi na viazi viko juu, na joto la uwanda wa chini limeachiwa wavuvi na wafugaji wanaoshusha mifugo kwa msimu.

Mwaka 2003

Haiwezekani kuzungumza juu ya uzuri wa Bogoro na kunyamaza juu ya jambo hili.

Bogoro iko pale ilipo kwa sababu ya mlima. Barabara inayounganisha Bunia na ziwa inapita hapo, na anayeshika Bogoro anaona nani anapanda na nani anashuka. Kitu ambacho mtalii angekiita mandhari, mwanajeshi anakiita kituo. Wakati wa vita vya Ituri kulikuwa na kambi ya kijeshi katikati ya kijiji, na alfajiri ya tarehe 24 Februari 2003 kijiji kilishambuliwa. Raia waliuawa, wakiwemo watoto na wazee; nyumba zilichomwa. Waliopona walikimbilia majani marefu na makorongo, yaani zile njia za ng'ombe na za maji. Aliyezijua alikuwa na nafasi ya kuishi.

Kesi ilifika Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai, ICC, huko La Haye. Januari 2012 majaji walikuja wenyewe Ituri, wakaona Bogoro, Zumbe na Aveba kwa macho yao. Walihitaji kujua kilima gani kinaonekana kutoka kilima gani, na umbali wa kutembea ukoje. Karatasi hazikutosha. Mwezi wa kumi na mbili mwaka huohuo Mathieu Ngudjolo aliachiliwa. Machi 2014 Germain Katanga alitiwa hatiani kama mshiriki, na baadaye akapewa miaka 12. Mwaka 2017 mahakama ilitambua wahanga 297 kwa ajili ya fidia.

Sasa tarehe moja nyingine. Tarehe 25 Februari 2003, siku moja baada ya shambulio la Bogoro, sheria mpya ya ardhi ya Uskoti ilitiwa saini. Sheria hiyo inampa kila mtu haki ya kutembea kwenye vilima, hata kama vina mwenyewe, mradi asiharibu kitu na asisumbue watu. Ilianza kutumika kwa watembezi mwaka 2005. Hakuna uhusiano kati ya mambo hayo mawili, ni kalenda tu. Lakini inaonyesha kwamba watu wa nchi moja walikuwa wakibishana juu ya mageti na mbwa wa kondoo wakati watu wa kilima kingine walikuwa wamelala ndani ya majani wakizuia watoto wasilie.

Tena si kwamba sheria ya Kongo ndiyo inafunga mlima. Tangu sheria ya ardhi ya 1973, udongo wote ni mali ya Serikali. Na kwa desturi za Ituri, mpita njia haulizwi sana akipita kandokando ya shamba, akisalimia vizuri. Kilichofunga milima ni silaha. Tangu Mei 2021 jimbo liko chini ya hali ya dharura ya kijeshi, na sehemu nyingi za Djugu na Irumu zimeendelea kuona vikundi vyenye silaha, vijiji kuhama, na watu kuishi kwenye makambi. Ndani ya makambi hayo na ndani ya mitaa ya Bunia kuna vijana waliozaliwa na wazazi wa mlimani ambao mlima wanaujua kwa hadithi tu. Hawajui njia gani ni ya ng'ombe na gani ni ya maji. Mzazi anaweza kuwaelezea. Lakini njia haifundishwi kwa mdomo, inafundishwa kwa miguu.

Hesabu ya miguu

Kuna kitu kimoja cha watembezi wa Uskoti ambacho kingefaa hapa hata kesho, kwa mwalimu anayetaka kupeleka wanafunzi, kwa mfanyakazi wa afya anayefuata vijiji vya juu, kwa mama anayetaka kujua kama atarudi mbele giza haijaingia. Ni kanuni ya William Naismith ya mwaka 1892. Anasema: hesabu saa moja kwa kila maili tatu, karibu kilomita tano, halafu ongeza saa nzima kwa kila futi 2000 za kupanda, karibu mita 600.

Mfano: safari ya kilomita 10 kwenye uwanda ni saa mbili. Safari ya kilomita 10 yenye kupanda ukuta wa mita 600 ni saa tatu. Hiyo ni kwa mtu mzima mwenye afya, bila mzigo na bila kupumzika. Mwenye kilo 20 kichwani, au mtoto mgongoni, aongeze nusu yake. Kushuka hakupunguzi kitu. Anayefikiri atashuka mbio, magoti yatamwambia ukweli kesho yake.

Saa ya kuondoka inategemea mbingu. Mchana ardhi ya mteremko inapata joto kuliko maji, na upepo unatoka ziwani na kupanda ukuta. Ukifika juu unapoa, mvuke unageuka wingu, na kisha saa nane wingu linaweza kuwa mvua. Usiku upepo unageuka na kushuka. Kwa hiyo anayetaka kutazama na kurudi salama anatoka alfajiri, na saa sita anakuwa ameshapata mgongo wa safari.

Hii si kwa ajili ya kulowa tu. Mashariki ya Kongo ni kati ya sehemu zinazopigwa na radi zaidi duniani, na ukingo wa mlima usio na miti ni mahali pabaya zaidi pa kuwa. Hesabu sekunde kati ya mwanga na mlio: kila sekunde tatu ni kilomita moja. Zikiwa chini ya 30, radi iko chini ya kilomita 10, inakufikia. Shuka kutoka ukingoni, usisimame chini ya mti ulio peke yake, weka mbali jembe au chuma cha begani. Kama mko wengi, msishikane, muachane nafasi. Watu wengi wanakufa chini ya mti waliokimbilia kujificha mvua.

Kuna jambo moja ambalo kitabu cha Uskoti hakina. Mahali palipopiganiwa, ukiona chuma usichokijua, kilichozikwa nusu au kilichoshika kutu, usiguse, usikirushie jiwe. Rudi kwa nyayo zako, weka alama inayoonekana kwa mbali, na wajulishe wakubwa wa kijiji. Watoto wanaochunga ng'ombe ndio wa kwanza kuambiwa hivyo.

Hoyo, mlima wa pili

Mara nyingi mtu wa Ituri akiulizwa juu ya mlima wa kutembelea hataji Bogoro. Anataja Hoyo, kusini ya Komanda, karibu na barabara ya Beni. Hoyo hauna ukuta wala ziwa; uko kwenye mpaka wa msitu mkubwa, na ndani ya mawe yake ya chokaa maji yamechimba mapango. Kuna maporomoko ambayo Wabelgiji waliyaita Escaliers de Vénus, maji yanashuka ngazi kwa ngazi. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1947. Kulikuwa na nyumba ya wageni, na watu wa jamii ya Mbuti ndio waliongoza wageni, maana msitu ni wao.

Katika pango la Matupi, miaka ya 1970, mtafiti Francis Van Noten alichimba na kupata vyombo vidogo vya mawe. Tabaka za chini zina umri wa zaidi ya miaka 40,000. Watu walikuwa wakikaa pale, wakipika, wakitazama bonde, muda mrefu mbele ya ufalme wowote au mpaka wowote. Leo misitu inayozunguka Hoyo imekuwa maficho ya wenye silaha, na hakuna mtu mwenye akili anapeleka wanafunzi kule bila habari za siku ileile. Mlima ambao uliweka watu salama kwa miaka elfu arobaini umekuwa mahali pa kuogopa ndani ya maisha ya mtu mmoja.

Nani anaulizwa

Kwa anayepita Bogoro siku barabara imetulia, na anataka kusimama dakika kumi, mambo si mengi. Kwanza kuuliza Bunia, siku yenyewe na si juzi: watu wa moto wanajua kuliko mtu yeyote, maana wanapita asubuhi na kurudi jioni, na wao ndio wa kwanza kuacha kupita. Pili kuwa na karte ya uchaguzi mfukoni. Darubini, kamera kubwa, au mtu anayechora ramani kwenye daftari, vitazua maswali kwenye bariere, na si ajabu. Mwanajeshi aliye pale anatazama bonde lilelile kwa sababu nyingine.

Anayetaka kuacha barabara na kufuata ukingo kwa miguu anapita kwa shefu wa kijiji. Si karatasi inayotafutwa pale, ni mtu: kijana mmoja atapewa amsindikize, kwa kawaida mchungaji, ambaye anajua korongo gani halipitiki na shamba gani lina mwenye hasira. Inafaa kumlipa sawasawa na siku yake ya kazi. Atatembea mbele, kwenye njia ya ng'ombe, kwa mwendo unaoonekana wa uvivu mpaka mtu wa mjini aanze kuhema nyuma yake.

Na kisha saa kumi, moto za samaki zinaanza kupanda kutoka chini, zikinguruma kwenye gia ya kwanza, kapitene amefungwa nyuma ndani ya majani mabichi. Anayesimama ukingoni anazisikia kabla ya kuziona.